Baba aligawa vifaa vyake vya ufundi akiwa hai, nilichokitaka mimi akampa mtu aliyemkimbia

Wakuu, natumaini mko salama.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka. Leo naandika jambo la nyumbani kwetu, na naliandika lilivyokuwa. Majina tu nimebadilisha, maana nina ndugu humu ndani.

Mimi nina duka la spea za pikipiki hapa Tunduma. Kwetu ni Mbozi. Ukifika maeneo ya Nanyala unaacha lami, unaingia ndani kwenye mashamba ya kahawa.

Mzee wangu alikuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa, zile za kuzungusha kwa mkono. Ndani yake kuna ngoma iliyovalishwa bati la shaba lenye vipele. Vipele vikilika, mashine inaponda punje badala ya kutoa ganda. Baba ndiye alikuwa anavirudisha, kipele kimoja kimoja, kwa nyundo na kichuma alichokichonga mwenyewe kutoka kwenye springi ya lori.

Msimu ukianza tulikuwa hatumuoni nyumbani. Anaamka, anafunga sanduku la vifaa kwenye baiskeli, anazunguka shamba hadi shamba. Jioni anarudi na chochote walichompa, ndizi au maharage, na nguo zinanuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Kuna watu hawaipendi ile harufu. Mimi nikikutana nayo njiani mpaka leo napunguza mwendo.

Sasa twende kwenye kisa.

Mwaka juzi moyo ulianza kumsumbua. Akanipigia simu. "Njoo Jumamosi. Uje na daftari na kalamu."

Nilifika nikakuta ametandaza turubai uani, vifaa vyote vimepangwa mstari. Tupa, spana, misumeno ya chuma, nyundo tatu, na jiliwa lake kubwa la kubania vyuma, ambalo nadhani lilitengenezwa kabla sijazaliwa. Amevipaka mafuta vyote.

Mama alikuwa jikoni, amegoma kutoka. Akaniambia, "Mwambie baba yako aache kukiita kifo kabla hakijaja."

Nikaenda kumwambia. Mzee akanijibu taratibu, "Mama yako aniache. Nikifa, msimu ukifika watu watakuja hapa na mashine zao. Watamkuta nani? Wewe?"

Nikafungua daftari.

Wakuu, nikiri kitu. Lile jiliwa na kile kichuma cha kupigia vipele nilikuwa nimeshavihesabu kuwa vyangu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimewaza kabisa nitaviweka dukani, ukutani, watu wakiuliza niwaambie ni vya mzee wangu.

Nikamwambia hivyo. Akaniangalia, hakukasirika. "Ukivitundika ukutani vitashika kutu. Hivi vinataka mtu wa kuvichosha. Andika jina la Lazaro."

Niliweka kalamu chini.

Lazaro ndiye alikuwa mwanafunzi wake. Alikaa kwetu miaka sita, anakula kwetu, analala kwetu. Halafu msimu mmoja, mashine nne za watu zikiwa zimefunguliwa zipo chini, akaondoka asubuhi bila kuaga. Alikwenda Saza kutafuta dhahabu. Mzee alizifunga zile mashine peke yake na hakulitaja tena lile jina. Lazaro alirudi baadaye, akafungua kibanda cha kutengeneza pikipiki pale Nanyala. Miaka kumi na moja hawakusalimiana, na wanasali kanisa moja.

"Baba, yule alikutupa."

"Alinitupa, ndiyo. Lakini mkono wake naujua. Kamwite."

Nikaenda huku nimevimba. Nilimkuta Lazaro amelala chini ya pikipiki. Siku hizi ni mtu mzima, ana mvi. Nilipomwambia mzee anakuita, alikaa pale chini muda mrefu anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu tena.

"Anaumwa sana?"

"Anaumwa. Lakini anakuitia kazi."

Alipofika alichuchumaa mbali kidogo na turubai. "Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. Alisukuma kipande cha bati la shaba mbele yake, akampa nyundo na kile kichuma. "Nipigie mstari mmoja."

Lazaro akapiga. Tunasikia tu ile nyundo, tatata. Mama akatoka jikoni akasimama mlangoni. Mstari ulipoisha mzee alipitisha kidole gumba juu ya vipele, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma.

"Viwili vya mwisho umevizidishia nguvu."

"Ndiyo, baba."

"Dhahabu uliipata?"

"Sikuipata."

"Nilijua. Ungeipata ungekuja kunionyesha." Halafu akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Marahaba. Sogea huku."

Nilijifanya naandika kwenye daftari, maana macho yangu hayakuwa sawa.

Kuanzia hapo Lazaro alikuja kila Jumamosi. Mzee amekaa kwenye kiti, anaelekeza kwa fimbo. Tuliandika orodha, kila kifaa na jina la mtu wake, mzee akatia sahihi, mzee wa kanisa na jirani mmoja wakashuhudia. Mimi nikapewa spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo ikashika nati yoyote. Akaniambia, "Hii hata mfanyabiashara anaiweza."

Alitutoka kabla kahawa haijaanza kuiva.

Siku ya pili baada ya mazishi, baba mdogo Yona, mdogo wake mzee, alikuja na pikapu, kavaa sura ya kazi. Akasema vifaa vya kaka yake havitakwenda kwa mtu wa nje, yeye ndiye damu. Alishaanza kuinua sanduku. Lazaro alikuwepo, akarudi nyuma. Ndugu wakaanza kugawanyika pale pale, na chakula cha wageni kipo motoni.

Nikaleta daftari. Sikubishana, nilimpa tu asome mwenyewe.

Alisoma taratibu, kidole kwenye kila mstari. Karibu na mwisho kidole kikasimama. Mzee aliniambia niandike hivi: "Nyundo ndogo yenye mpini wa mpera, ya Yona. Ndiyo aliyoniazima nilipoanza kazi. Sikuwahi kuirudisha, anisamehe."

Baba mdogo alikaa kwenye bodi ya pikapu. "Mimi nilidhani amesahau," akasema. Akaniomba nimtafutie ile nyundo. Alipoipata aliiweka mapajani, akamwambia Lazaro, "Pakia, nikupeleke. Kwa baiskeli huliwezi hilo jiliwa."

Msimu ulipoanza watu walikuja kwetu kwa mazoea, wamefunga mashine kwenye baiskeli. Mama aliwaelekeza kwa Lazaro mmoja mmoja. Aliniambia kinachomsumbua sio watu kuja, ni pale uani kuwa kimya hivyo.

Nilichojifunza, wakuu: fundi akifa bila kusema, vifaa vyake vinageuka chuma cha kugombania. Mzee alisema akiwa hai, akamsamehe mtu, akaomba msamaha kwa mwingine. Tungengoja mpaka msibani, hayo yote yasingetokea.

Mimi mwenyewe nina vifaa vyangu vya kufungulia injini pale dukani. Juzi nimekaa kuandika orodha. Nimeandika mistari mitatu, wa nne nimekwama. Kifaa kipo, mtu wa kumwandika ndiye sina. Huyo itabidi nianze kumtafuta sasa, nikiwa bado na nguvu ya kumfundisha.

Mafundi mliomo humu, maseremala, washonaji, wachomeleaji: vyenu mmevipangia nani? Na yeye mwenyewe anajua? Nitasoma kila jibu.