Kiapo cha Kumlisha Mume

Mume wangu alikuwa fundi wa friji na eyakondishna Mombasa, na mimi nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya wagonjwa huko Richardson, Texas. Tulioana nilipokwenda likizo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa nimeshaapishwa uraia wa Marekani. Fungate ilipokwisha nilirudi Dallas peke yangu kumwombea viza. Nilimwambia hautapita mwaka tutakuwa pamoja. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa bado sijazisoma fomu.

Lazima nieleze alikuwa mtu wa namna gani, maana msiba wote umetoka hapo. Kwetu bwana harusi hukaa ukweni siku za fungate, akapikiwa, akalishwa, na hakuna anayemlaumu. Yeye alikuwa akiamka alfajiri, kabla mamangu hajatia chai jikoni, anakwenda sokoni kuleta samaki wa siku hiyo. Mamangu alicheka, akamwambia, "Baba, wewe ni mgeni, tulia ule." Akamjibu kwa adabu kwamba atatulia akishakula cha jasho lake. Mimi nilijivuna ajabu. Nilijiona nimepata mwanamume.

Hata niliporudi Amerika hakuacha. Mume ndiye anayemlisha mke, awe nacho au asiwe nacho, na nafaka, yaani chakula na matunzo, ni haki ya mke mbele ya Mungu. Basi kila akipatikana msafiri wa kuja Dallas, ataniletea bahasha kutoka kwake: dola thelathini, dola arubaini. Mimi pesa hizo nilizipata kwa nusu siku ya kuwaogesha wazee. Nilimgombeza kwenye simu, nikamwambia mambo ya kuwatumia watu wa Amerika pesa hayajapata kusikika. Alicheka, akasema, "Wewe kula, bibi. Mengine niachie mimi."

Kazini nilikuwa na mwenzangu, mama wa Kikongo aliyetoka Bukavu, mtu wa kanisa sana. Siku moja aliiona ile bahasha akashika kiuno. "Dada, bwana yako iko anakutumia makuta? Weye, uko Amerika?" Akacheka mpaka wazee wawili wakaamka. Kisha akafuta macho na kuniambia, "Mutu asikudanganye, ile ni mapendo."

Pesa ile sikuichanganya na mshahara wangu hata siku moja. Niliinunulia mchele, nazi ya kopo na samaki, na nikishapika nilikwangua kadi ya simu ya dola tano nimpigie kumweleza nimekula nini. Alitaka kujua kila kitu, hata kama wali umeshika chini ya sufuria. Kiangazi kile eyakondishna ya nyumba yangu kule Lewisville ilianza kumwaga maji kwenye zulia, na joto la Texas si la kuchezea. Ofisi ya majumba iliniambia nisubiri wiki. Nilimpigia yeye. Akaniuliza maji yanatokea wapi, mrija uko upande gani, una rangi gani, kisha akanambia, "Huo mrija umeziba. Mimina siki, ngoja kidogo, halafu maji ya moto." Kadi ilikatika nikiwa nimeshika chupa ya siki. Nilipopiga kwa kadi nyingine, maji yalikuwa yameshaacha kumwagika na nyumba imeanza kupoa. Akasema, "Umeona? Nchi nzima hiyo inaishi kwa ubaridi. Nikifika huko sitakaa bure hata siku moja."

Ndipo zikaja zile karatasi. Serikali ilitaka niape kwa maandishi kwamba nitamlisha mume wangu, asije akawa mzigo kwa taifa. Na kuapa peke yake hakukutosha. Walitaka kuona kwamba mapato yangu yanafika kiwango chao. Mwaka uliotangulia nilikuwa nafanya kazi nusu nusu kwa sababu nasomea unesi, na juu yake nikakaa miezi miwili Mombasa kwa ajili ya harusi. Kwenye karatasi za kodi nilipungukiwa, tena na kidogo tu. Mama mmoja wa Nairobi aliyekuwa akitujazia watu fomu mezani kwake aliniambia, "Tafuta mtu wenu mwenye ako na income poa a-sign na wewe. Wengi wanafanya hivyo, usistress."

Mtu wetu alikuwa mmoja tu, mjomba wangu wa Houston, ndugu wa mamangu, mwenye malori mawili. Jumamosi niliondoka mapema, nikashika barabara kuu ya kwenda kusini, saa nne nzima za nyasi kavu na vituo vya petroli, bahasha ya fomu iko kitini kando yangu na mkanda nimeifunga. Nilimkuta mjomba uwanjani anaosha lori. Alinisikiliza bila kufunga mpira wa maji.

"Kwani huyo mumeo hana mikono?" akauliza.

"Anayo, mjomba. Ni sheria yao."

"Nita-sign. Mtoto wa dada yangu simwachi." Akafunga maji. "Lakini tax zangu sijamwonyesha hata mke wangu, na sasa naziweka mbele ya wazungu kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Mwambie anipigie simu. Aniombe mwenyewe, mwanamume kwa mwanamume. Hilo tu."

"Ana haya, mjomba."

"Mficha uchi hazai. Mwambie apige."

Nilisema ndiyo. Mjomba alikuwa na haki kabisa, na alichotaka kilikuwa adabu ndogo ambayo mtu yeyote wa kwetu angeitaka. Nilirudi Dallas na sahihi yake, na njia nzima nilikuwa najaribu kuyapanga maneno. Nitamwambiaje mtu aliyekwenda sokoni alfajiri siku za fungate yake kwamba nimeapa kumlisha, na kwamba kwa kuwa siwezi hata hilo, mjomba ameapa naye? Nilijua atakataa. Angesema niirudishe fomu, na viza ingefia hapo.

Kwa hiyo nilimdanganya kila mmoja upande wake. Mume wangu nilimwambia karatasi zote ziko sawa. Mjomba nilimwambia kwamba mume wangu amepiga simu mara tatu hakumpata, na kwamba anamshukuru mno na kumwombea dua. Mjomba alifurahi, akasema amefanya uungwana. Niliona nimemsitiri mume wangu. Mpaka leo hilo neno nikilisikia linanichoma.

Siku ya mahojiano alipanda basi la usiku kwenda Nairobi, amevaa suti aliyoazima kwa nduguye. Mimi nilikuwa kazini, simu iko mfukoni, kila dakika naipapasa. Alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mazikoni.

Alinisimulia pole pole. Yule mzungu aliuliza mambo ya harusi, akajibiwa. Akaziangalia picha, akatabasamu. Kisha akauliza, kupitia kwa mkalimani, "Ukifika Marekani nani atakulisha?"

Mume wangu akacheka, akidhani ni mzaha. Akasema, "Hakuna wa kunilisha. Mimi ndiye nitakayemlisha yeye. Hata sasa namlisha."

Mzungu akauliza, "Na huyu bwana wa Houston ni nani?"

"Simjui."

"Hujui jina la mtu aliyeapa kukutunza?"

Wakamgeuzia fomu chini ya kioo ili aione. Aliliona jina langu na sahihi yangu, na chini yake jina la mwanamume asiyemjua. Mkalimani, mama mtu mzima, akamsomea kile kiapo kwa Kiswahili, neno kwa neno, na watu wa foleni wako nyuma yake. Walimrudishia pasipoti na kijikaratasi kwamba kesi inasubiri maelezo zaidi.

"Ni kweli umeapa?" aliniuliza.

"Ni karatasi tu, mume wangu."

"Kiapo si karatasi," akasema. Halafu akaniuliza kama nimekula, nikalia.

Kesi ile ilikuwa bado inatengenezeka. Walitaka barua kutoka kwa mjomba aeleze uhusiano wake na sisi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Ilinibidi nimwambie mjomba kilichotokea, na yeye hakuwa mjinga. "Kwa hiyo hakunipigia hata mara moja," akasema. "Nimejivua nguo mbele ya watu kwa mtu asiyenijua jina, na wewe unanitungia dua zake!" Alilitoa jina lake kwenye kesi. Simlaumu. Nilimlaumu sana wakati ule, nikamsema vibaya kwa mamangu, na nilikuwa nimekosea.

Nikaamua nitakifikia kile kiwango peke yangu. Niliacha masomo ya unesi. Nilichukua zamu mbili mbili, Richardson asubuhi na nyumba nyingine ya wazee jioni, Iddi nikiwa kazini, Krismasi nikiwa kazini. Mwenzangu wa Kikongo alikuwa akinifichia chakula kwenye jokofu la wafanyakazi, akiniita "mujane wa bwana muzima". Mume wangu sasa nilimpigia mimi zaidi kuliko yeye kunitafuta. Bahasha zilikuwa bado zinakuja, ila hakuniuliza tena nimepika nini. Nilijipa moyo kwamba viza ikitoka, yote yatasahaulika.

Mwaka ulipogeuka nilizipata karatasi za kodi. Nilikuwa nimepita kiwango, tena kwa mbali, bila mjomba wala mtu mwingine. Ijumaa ile nilikwenda msikitini Richardson na faili lote garini, nikitoka niende posta. Kwenye uwanja wa magari mama mmoja aliyekuja kutoka Mombasa kumtembelea mwanawe alinishika mkono, akanipa bahasha. Ilikuwa nene kuliko zote. Nilidhani ameuza kitu.

Ndani kulikuwa na karatasi ya kadhi, talaka moja, na barua fupi ya mkono wake. Aliandika kwamba haniachi kwa ubaya, na kwamba hajapata kuona mke bora kuliko mimi. Lakini hawezi kuingia katika nchi ya watu akiwa ameandikwa kuwa mlo wake u juu ya mkewe, na mkewe anajua, na anamficha. Nilisoma nimeegemea gari, joto la lami linanipanda miguuni.

Talaka moja ina rejea. Ndani ya eda, ile miezi mitatu ya mke kungoja, mume akisema neno tu, ndoa inarudi. Nilimpigia siku ile ile, nikamwambia mjomba hayumo tena, nimepita kiwango, jina ni langu peke yangu. Nilimwambia kama mtu anayepeleka habari njema.

"Kwa hiyo kiapo kiko pale pale," akasema. "Na sasa unakiweza."

Mwaka mzima nilikuwa nikifikiri tatizo letu ni kile kiwango. Nilimwomba radhi kwa uongo wangu, akasema ameshanisamehe zamani, na ninaamini alinisamehe. Neno la rejea hakulisema.

Chini ya barua, pesa zilikuwa zimefungwa kwa karatasi yake mbali, na juu yake ameandika: Nafaka ya eda, miezi mitatu. Kula.

Mke aliyeachwa ana haki ya kulishwa mpaka eda yake iishe, naye hakuwa mtu wa kuacha haki ya mtu. Niliikaa eda kule Lewisville, nikitoka kazini narudi ndani. Nilinunua mchele, nazi ya kopo na samaki kwa pesa ile. Jioni nilipika, nikakaa mezani, nikala mpaka mwisho, kwa sababu aliniambia nile. Siku eda ilipokwisha ulikuwa umebaki mchele wa kupika mara moja. Niliupika, ukashika chini, na sikuwa na wa kumwambia.