Rafu ya Mabinti wa Kwanza

Kwetu milimani jina la mtoto halisumbui kichwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, na wavulana vilevile, majina yaleyale nyumba hadi nyumba. Ukimwita binti wa kwanza katika soko la Bwera, wanageuka wengi. Nilikuwa nacheka. Hata nilipopata kazi chumba cha mafaili hospitalini, nikakuta mafaili yamepangwa kwa majina na mabinti wa kwanza wamejaza rafu mpaka sakafuni, niliimba tu nikipangusa vumbi.

Asubuhi moja mama mmoja alishuka kutoka Kyarumba, binti yake amebebwa kwenye machela. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeoza, homa inamtetemesha. Daktari, musawo kama tunavyomwita, aliposhika sindano, mama akamzuia.

"Musawo, ngoja! Mwaka jana dawa yenu moja ilitaka kumuua. Uso ilivimba, pumzi ikakata."

"Dawa gani, mama?"

"Mimi najua? Si nyinyi mliandika?"

Nikatumwa faili. Nilipiga magoti, nikafungua moja baada ya jingine. Binti wa kwanza wa Kyondo. Binti wa kwanza asiye na kijiji. Wawili wamebanwa pamoja kama mapacha. Mama akanifuata mlangoni.

"Mutoto yangu iko na kovu hapa," akasema, akinionyesha shavu lake mwenyewe.

"Mama, hapa hakuna sura. Baba yake anaitwaje?"

"Baba yake? Naye ni mzaliwa wa kwanza!"

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Na yeye akacheka kidogo, jamani.

Daktari hakuweza kungoja. Akampa dawa nyingine, hafifu, ambayo aliamini haitamdhuru. Faili nililipata kesho yake, limechanganywa na ya wodi ya wazazi. Nikakimbia nalo. Godoro la yule binti lilikuwa limeshatolewa nje, linaanikwa juani.

Mama alikaa barazani, anangoja wabebaji.

"Umelipata?"

"Ndiyo, mama."

"Nisomee."

Nikasoma kijiji, uzito, ile dawa, uso kuvimba. Akawa anaitikia kwa kichwa. "Ndiye," akasema. "Huyo ndiye wangu."

Siku hizi kila mgonjwa ana namba, na kadi anarudi nayo nyumbani. Faili linatoka upesi, watu wanashukuru. Tulipoanza kuzigawa, mkubwa wangu aliniambia, "Wewe, waliokufa waache, namba ya nini?" Nikaitikia. Alipotoka kwenda chai, nikamwandikia yule binti wa Kyarumba namba yake.