Nilipeleka mahakamani muhtasari unaoonyesha marehemu ndiye aliyeongoza kikao cha mirathi yake

Wakuu, heshima zenu.

Haya yamenipata mwenyewe, na kwa kuwa anayeaibika ni mimi, hakuna sababu ya kunishuku nimeongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niko huku Myamba, mlimani, wilaya ya Same. Nikishuka tambarare mara moja kwa msimu najiona nimesafiri. Elimu yangu ni kidato cha nne, cheti kiko kabatini na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Ila kwenye ukoo wetu mimi ndiye msomi. Kikiitishwa kikao nakuwa katibu, napewa daftari na kikombe cha kwanza cha chai.

Mzee wangu alifariki, akaacha nyumba, migomba na shamba la kando ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Shamba lenye zamu ya maji huku si mchezo. Mtu anaweza kukosa harusi ya ndugu yake, zamu ya maji hakosi.

Baba mdogo, anayeishi chini kule kando ya lami, ghafla akaanza kupanda mlima kila wiki kumjulia mama hali. Upendo wa ajabu. Wiki ya tatu alikuja na jamaa anayepima shamba kwa hatua.

"Shemeji, usihangaike," akasema. "Mambo ya mahakama niachie mimi."

"Asante shemeji, chai ipo," mama akamjibu. Kisha akanifuata jikoni: "Wewe msomi, amka. Akiteuliwa huyu kusimamia mirathi, lile shamba linauzwa na mimi nitalima kwa watu."

(Najua mnatutania kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni uongo. Huwa tunaanza na mbuzi.)

Ukoo ukakaa, ukampendekeza mama. Baba mdogo hakuja, alipata dharura. Nikaandika muhtasari kwa mwandiko wa kupendeza, wazee wakasaini bila kusoma maana aliyeandika ni msomi, nikashuka nao mahakama ya mwanzo. Ipi, haiwahusu.

Sasa mimi nilikuwa naamini mahakama ni hakimu. Wengine wote pale niliwaona watu wa kugonga mihuri na kuchelewesha wananchi. Kwa hiyo nikaupita mlango wa masjala, nikakaa kwenye benchi karibu na ofisi ya mheshimiwa, muhtasari kifuani kama mtoto mchanga.

Karani wa masjala, dada mmoja mwenye sweta, akachungulia.

"Kaka, una shida gani?"

"Yangu ni ya hakimu."

"Za hakimu zote zinaanzia hapa."

"Hii ni nzito, dada."

"Ilete niipime."

Nikampa kwa shingo upande. Akasoma. Akarudi juu, akasoma tena.

"Marehemu alifariki lini?"

Nikamwambia, ni zaidi ya mwaka.

"Na kikao?"

"Mwezi uliopita."

"Basi aliongoza vizuri."

Akanigeuzia karatasi. Wakuu, jina la kwanza, mwenyekiti wa kikao: baba yangu mzazi. Na chini yake: "Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala, akawashukuru wajumbe kwa kufika."

Nilikuwa nimenakili mwanzo wote kutoka kikao cha zamani cha kusafisha ndiva. Mzee ndiye alikuwa mwenyekiti wetu miaka yote, mkono wangu ukajiendea wenyewe.

"Ni mazoea, dada," nikajitetea.

"Pole kwa msiba. Lakini hii ikifika mbele, anayempinga mama yako hahitaji wakili. Anaisoma tu kwa sauti."

Nikarudi mlimani. Kikao kikakaa upya, na safari hii wazee walidai wasomewe kila mstari. Mpaka leo wakikutana nami njiani wananiuliza kama mwenyekiti hajambo.

Niliporudi, yule dada akapokea fomu, akafungua faili, akalipatia namba, akaandaa tangazo la kubandikwa mahakamani na ofisi ya kijiji. Nakala moja ilikuwa ya baba mdogo.

"Nipe nimpelekee," nikasema. "Ni baba yangu mdogo."

"Ndiyo maana humpelekei wewe."

Akaipeleka mpeleka samansi, na karatasi ya kuthibitisha ikarudi kwenye faili. Mimi niliona urasimu tu.

Siku ya shauri baba mdogo alikuja na koti la harusini.

"Mheshimiwa, mimi napinga. Haya mambo yamefanyika kwa siri. Sijapata taarifa yoyote."

Mama akanishika mkono.

Hakimu akafunua faili, wala hakutafuta, karatasi ilikuwa mahali pake.

"Sahihi hii ya kupokea ni ya nani?"

Baba mdogo akavaa miwani. Akaivua.

"Inafanana na yangu, mheshimiwa."

"Na namba ya simu hii pembeni?"

"Nayo inafanana."

Akaulizwa kama ana sababu nyingine ya kupinga. Akaangalia dari. Dari haikumsaidia. Mama akateuliwa.

Hakimu alitumia dakika chache tu. Hizo dakika zilikuwa zimeandaliwa wiki nyingi kule masjala.

Tukapitia kuaga. Mama akamshika yule dada kwa mikono miwili.

"Mama, kuna fomu ya orodha ya mali, uirudishe kwa wakati," dada akasema, akaninyooshea kalamu. "Na asiijaze huyu."

Nilichojifunza: hakimu anaamua kwa kilichomo kwenye faili, na faili halijipangi lenyewe. Ukifika mahakamani salimia masjala kwanza. Na usinakili marehemu.

Waliowahi kupita kwenye mirathi semeni yenu, makarani mliomo humu tusahihisheni. Anayetaka kunicheka apange foleni, wazee wangu wametangulia.

Baba mdogo, kama unapita humu kimya kimya: shikamoo. Maharage ya mama kando ya ndiva yameshaota.