Miguu ya Dani Langoni

Nakumbuka alfajiri moja pale Rangwe, mwanangu, niliposhindwa mbio kabla hata sijatoka langoni kwetu. Aliyenishinda ni dani, nyanya yangu mzaa baba, na alinishinda akiwa ameketi chini.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye haraka zake, najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza. Kila kulipopambazuka nilishika barabara ya Oyugis, nikiwapita akina mama waliobeba mboga za sokoni, nao wakiniuliza nimeiba kuku wa nani. Sikufichi, nilizipenda sana asubuhi zile. Nililala fofofo, nilikula nikashiba, na watu wasiojua hata jina langu waliniinulia mkono.

Mbio zilipokaribia, homa ikaniingia. Meno yakawa yanagongana. Nami, kama vijana wengi wa kwetu, niliamini malaria hutolewa kwa jasho. Nikavaa sweta mbili, nikafunga kamba za viatu, nikaelekea langoni. Hapo nikamkuta dani ameketi njiani, ameinyoosha miguu yake ikaziba lango lote.

"Dani, nipishe."

"Ruka."

Alijua fika kwamba kwetu mtoto havuki miguu ya mtu mzima. Mitaro niliiruka, hata ng'ombe waliolala njiani, lakini miguu ile miwili mikavu niliiogopa.

"Nyathina, hii mwili nililisha mimi," akaniambia, sasa kwa upole, kama mama anavyomwita mwanawe. "Wewe unakimbia nayo tu. Kaa hapa."

Nilikaa, na sikuweza kuinuka tena. Baba alinipakia kwenye baiskeli hadi zahanati, na muuguzi akasema kwamba ningekimbia asubuhi ile, pengine nisingerudi. Mbio zilinipita. Nililia, mwanangu, tena kwa sauti. Mwaka uliofuata nilikimbia nikamaliza, nyuma kabisa huko, na dani akanipokea kwa kibuyu cha uji huku akijigamba kana kwamba wengine wote hawakuwapo.

Sasa tuje kwako. Unadhani sioni unavyoshuka kilima ukichechemea? Goti limevimba, nawe unalificha ndani ya suruali ndefu, eti mbio za Homa Bay ziko karibu. Kimbia, mimi sikukatazi, maana najua raha yake. Lakini ukiumia, sema mapema, na ulale mpaka upone. Mbio nyingine zitatangazwa, goti jingine hutapewa. Na ukinibishia, kesho alfajiri utanikuta langoni. Mimi pia nina miguu ya kunyoosha.

Nyasaye akuponye, mwanangu, akupe pumzi ndefu na njia isiyo na mbwa wakali. Na siku utakayomaliza mbio zako, akujalie unikute kando ya barabara na kibuyu cha uji mkononi, miguu nimeikunja, nimekupisha upite.