Kampuni Iliyokaa Sebuleni Kwangu

Kampuni ya vijana ilipoanza haikuwa na ofisi. Ikaanzia sebuleni kwangu, hapa Ilemela mlimani, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe mbele na nyuma. Mjukuu wangu alinijia akaniambia, "Bibi, ni kwa muda tu." Nikakubali. Huo muda tu ukala vuli, ukala na masika, na makochi yangu yakaisha rangi kwa kukaliwa na watu wanaobofya kompyuta.

Walikuwa watano. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na vijiji walikotoka, maana mimi kitu nisichosahau duniani ni jina la mtu. Lakini hapa siyaandiki. Wao bado wanatafuta maisha kwa majina hayo. Kazi yao ilikuwa samaki. Mtu yuko Nyegezi au Buzuruga, anabonyeza simu yake kwamba anataka sato. Wao wanamnunua asubuhi mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, wanampaa magamba uani kwangu, wanamtia kwenye deli la barafu, pikipiki inampeleka. Biashara hiyo hata mimi naielewa. Nisichoelewa mpaka leo ni kwa nini samaki alihitaji vikao vingi vile.

Mimi nimeishia darasa la nne. Nilifanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na jioni king'ora kikilia, kazi tuliiacha getini tukaenda kupika. Hii ya mjukuu wangu ilikuwa inalala naye. Tunakula, simu inaita. Anasuka nywele, simu inaita. Siku moja nikamuuliza cheo chake hasa ni kipi.

"Mimi ni mkuu wa huduma kwa wateja, Bibi."

"Chini yako wako wangapi?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

"Basi pole, mke mwenzangu. Mkubwa ni wewe, na anayetumwa ni wewe."

Akacheka mpaka mdogo wangu, aliyekuwa anaumwa amelala chumba cha pili, akauliza tunacheka nini. Huyo mdogo wangu tumezaliwa tumbo moja. Ndiye aliyemlea binti huyu tangu mama yake mzazi alipofariki, maana wakati huo mimi nilikuwa kiwandani kutwa. Kwa hiyo binti alimwita yeye Mama, mimi akaniita Bibi, na hakuna aliyeona ajabu.

Nisiwe mwongo, uzuri wa kampuni ile niliuona. Kiongozi wao alikuwa anapaa magamba kama wenzake na vikombe anaosha. Mjukuu wangu, ambaye zamani akitumwa dukani alikuwa anaongea na mlango badala ya muuzaji, akawa anabishana na wenye hoteli mpaka wanakubali. Akiwaza jambo asubuhi, jioni wameshaanza kulifanya. Mimi kiwandani nimekaa mpaka nywele zimeota mvi, hakuna msimamizi aliyewahi kuniuliza, "Mama, wewe unaonaje?"

Ubaya wake nao niliuona, maana ulikuwa unakaa kwenye makochi yangu. Hakuna wa kukupokea zamu. Mmoja akiumwa kichwa, kampuni nzima inaumwa kichwa. Mshahara ulikuwa na mwezi wake wa kuja na mwezi wake wa kupita mbali. Na lile neno lao, "sisi ni familia", lilinichosha. Nikawa nawaambia, familia ina siku ya kulala mchana, yenu iko wapi?

Mwisho mtaji ukaanza kuisha. Wakapata watu wa Dar es Salaam wenye fedha, wakasema watakuja kuona kazi kwa macho yao. Wakiridhika, kampuni inaishi. Wasiporidhika, inafungwa, na mjukuu wangu anarudi kuzunguka na vyeti kama wenzake wa mtaani. Wa kuwaeleza wageni alikuwa yeye, kwa sababu wateja wote aliwajua yeye.

Wiki waliyopanga kuja, mdogo wangu akafariki.

Msiba ukiingia nyumbani hauulizi nani anatumia sebule. Viti vyote vikatolewa, mikeka ikatandikwa, wanawake wakaja kukaa chini. Nje likafungwa turubai, wanaume wakajaa juu ya mawe. Wale vijana wakatoa meza zao wenyewe, kompyuta wakazipeleka banda la kuni nyuma ya nyumba. Wakachota maji, wakapasua kuni, na deli lao la samaki wakalisugua likawekwa soda za waombolezaji. Hapo lile neno la familia nililiamini kidogo.

Tukazika. Kesho yake mjukuu wangu alikuwa mkekani ubavuni kwangu, kanga kichwani, kiongozi wao akaja kuchuchumaa mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Poleni."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Anajua mfiwa hapelekewi habari za biashara kabla matanga hayajaanuliwa.

"Sema, baba," nikamwambia. "Umechuchumaa kama kuku anayetaka kutaga."

"Bibi, wageni wameshatua uwanja wa ndege. Tiketi walikuwa wamekata, na jioni wanaondoka."

Binti yangu, shangazi yake huyu mjukuu, akadakia, "Wageni wa msiba?"

"Wa kampuni, Shangazi."

"Waambie leo hatuuzi samaki!"

Lakini wageni wakawa wamefika, watatu, na viatu vyao vya mjini wanapandisha mawe. Majirani walipowaona wakafanya kama inavyofanywa. Wakawakalisha mbele, wakawanawisha, wakawaletea wali na nyama. Msemaji wa familia akasimama akawashukuru "ndugu zetu waliotoka Dar es Salaam kuja kutufariji". Wangefanyaje? Mkubwa wao akasimama naye, akatoa pole nzuri kabisa kwa marehemu asiyemjua, na wote watatu wakatia rambirambi kwenye kikapu. Kiongozi wa vijana alikuwa amesimama pembeni, kompyuta kwapani kama katekista na Biblia.

Mjukuu wangu akaninong'oneza, "Bibi, nisipokwenda tumekwisha. Nikienda wataniitaje?"

"Watakuita mtu aliyeinuka mkekani. Nenda. Marehemu hakukulea uje ukae na njaa kwa heshima yake."

"Mama!" binti yangu akang'aka. "Yaani wewe ndiye unamtuma?"

"Ndiyo mimi. Mwenye la kusema anisemee mimi. Nimechoka, halitaniongezea uchovu."

Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akapita nyuma kwenye banda la kuni bila viatu, wageni wakamfuata. Sauti yake niliisikia, maneno sikuyasikia. Aliporudi akakaa pale pale. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko kama angelia. Mwanamke aliyekuwa jirani yake akavuta miguu kumpisha, hakumtazama.

Wale watu walikubali. Siku ya kuanua matanga mjukuu wangu alikuwa Dar es Salaam, yeye na wenzake wameitwa kutia saini. Kanga za marehemu zikaletwa kugawanywa, na wa kuchagua kwanza alikuwa yeye, kama mtoto. Binti yangu akamwita jina mbele za watu, akarudia tena, na alijua hayupo.

"Yuko kazini," nikasema, nikanyoosha mkono nikampokelea.

Sasa kampuni ina ofisi mjini, yenye kiyoyozi. Anasema likizo imeandikwa kabisa kwenye mkataba. Sijaiona.

Aliporudi kutoka Dar nilimpa ile kanga. Akainusa, akajilaza nayo mkekani, usingizi ukamchukua na begi mgongoni. Simu yake ikaanza kuita sakafuni. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena, nikaipokea.

"Haloo, mbona hampokei? Nataka sato."

"Mwenye simu amelala, mama. Amefiwa na mama yake."

"Jamani, poleni sana. Mungu ampumzishe." Halafu, taratibu: "Lakini, bibi, kesho sato watakuwepo?"

"Watakuwepo," nikamwambia. Nikaiweka simu chini, nikaanza kumvua begi polepole asiamke.