Kibao cha Muuguzi Langoni

Nyumba yangu ya Masaka sikuipamba kwa maua ya plastiki. Niliipamba kwa vibao vya maduka, vile vya zamani vilivyochorwa kwa brashi, ambavyo siku hizi vinatupwa kwa sababu kila mwenye duka anataka bango la kuchapwa kwa mashine. Nilipokuwa nauza misumari na mabati sokoni Muhima, nilivichukua kwa watu wa chuma chakavu kabla hawajavikunja. Nina kinyozi mwenye vichwa vinne, kila kichwa na mtindo wake. Nina ng'ombe wa bucha anayecheka, maskini, hajui yuko kwenye kibao gani. Nina kiatu kikubwa kama mtumbwi. Sebuleni kwangu hakuna ukuta mtupu, na mgeni akiingia anazunguka kwanza, ndipo anapokaa.

Wanangu waliosoma waliona aibu. Niliwaambia: mimi niliishia darasa la tatu kule Bujumbura, na hata hilo sikulimaliza. Herufi nilijifunza kwenye vibao kama hivi, nikisukuma mkokoteni wa watu. Picha ilikuwa inaniambia neno kwanza, herufi zinafuata. Asiyevipenda ajenge nyumba yake kama nilivyojenga yangu.

Kimoja tu mke wangu alikikataa. Ni muuguzi mwenye kofia nyeupe na mashavu ya mviringo, ameinua sindano ndefu kama mwiko. Pembeni msalaba wa kijani, chini neno la Kifaransa, Dispensaire, yaani zahanati. Mimi naona ndicho kizuri kuliko vyote.

"Huyo haingii ndani," mke wangu alisema. "Siwezi kula nikiangaliwa na sindano."

"Basi atakaa nje."

"Akae. Awachome huko huko wapita njia."

Nikamfunga kwa skrubu ukutani kando ya lango, uso kwa barabara. Haukupita muda, wenye pikipiki wakaanza kupaita Kwa Muganga, yaani kwa daktari. Abiria anasema nishushe Kwa Muganga, anashuka langoni kwangu, anaendelea zake kwa miguu. Nilifurahi, sitaficha. Mtu aliyeanza na mkokoteni, leo mtaa unaelekezana kwa nyumba yake.

Halafu ukaja mchana mmoja wa mvua kubwa. Lango likapigwa mateke. Nikatoka na mwavuli na matusi yangu tayari mdomoni. Nilipofungua tu, mwanamke kijana akanipita mbio, kitu kimefunikwa kitenge kifuani, nyuma yake mwenye pikipiki ameloa chapachapa. Akaingia hadi sebuleni, akalaza mtoto kwenye kochi langu.

Mtoto wa kiume, miaka miwili hivi. Macho yamegeuka, yamebaki meupe. Meno yamekazana, povu linatoka, mikono inapiga kochi. Degedege.

"Imemshika njiani, daktari," mama yake akasema. "Homa anayo tangu jana."

Nimefukuzwa nchi, nimelala chini ya malori, nimeshikiwa kisu sokoni. Sijawahi kuogopa kama nilivyokiogopa kile kidole gumba cha mguu wa mtoto, kilivyokuwa kimekunjika kikijivuta chenyewe.

"Mama, mimi si daktari."

Akatazama ukutani, akaona vichwa vya kinyozi, akanirudia mimi. Akapiga magoti.

"Kadi ya bima, hiyo mituweli, sina, daktari, ni kweli. Nimetoka Burundi juzi tu, bado hawajaniandika. Usinifukuze kwa ajili ya kadi. Nitakufulia, nitakulimia."

"Sikiliza, hapa si..."

"Nakuomba, daktari!"

Kila nilipokataa, yeye aliona namkatalia matibabu. Nikamgeukia mwenye pikipiki. "Wewe! Nani alikwambia uwalete hapa?"

"Muzee, alisema nimupeleke kwa muganga wa karibu. Kwa Muganga iko hapa. Kila mutu anapajua."

"Umewahi kuona mgonjwa akitoka humu?"

"Mimi ni mugeni huku, muzee."

Nikakimbilia kijiko, kwa kuwa utotoni nilisikia kwamba mwenye degedege hutiwa kijiko kinywani. Mke wangu akatokea jikoni.

"Weka chini hicho! Unataka kumvunja meno?" Akamgeuza mtoto ubavu, akamlegeza nguo, akamfuta povu. "Leta ufunguo wa gari. Umesimama kama vibao vyako!"

Wanawake wakaingia na mtoto mbele kwenye pikapu yangu, mwenye pikipiki akatangulia akipiga honi. Barabara ilikuwa tope tupu, gari likitaka kwenda upande wake. Na kila tuta tulilopanda nilikuwa nawaza jambo moja tu. Kutoka upande alikotoka yule mama, njia inagawanyika: kulia kituo cha afya, kushoto kwangu. Wangekata kulia wangekuwa wameshafika. Mtoto huyu akifa, atakuwa amekufa kwenye dakika alizopotezewa na picha yangu.

Mara ule mtikisiko wa mtoto uliokuwa ukinigusa bega ukakoma. Sikuthubutu kugeuza shingo.

"Anapumua?" nikauliza, macho barabarani.

"Endesha," mke wangu akasema.

"Nimeuliza, anapumua?"

"Na mimi nimesema endesha."

Kituoni muuguzi alimpokea mtoto mlangoni bila kuuliza kadi ya mtu, akaingia naye, akamzuia mama nje. Tukakaa kwenye benchi. Suruali yangu ilikuwa inadondosha maji sakafuni. Yule mama alikuwa ananitazama usoni.

"Daktari, mbona wewe huingii kuwasaidia?"

Hapo ndipo nilipotamani kurudi kwenye tope. Mke wangu akainama akaangalia sakafu. Alijua jibu hilo ni langu.

"Mama, nilikwambia kweli. Mimi nilikuwa nauza misumari. Kile kibao ulichokiona langoni nimekiweka kwa urembo."

"Kwa kitu gani?"

"Urembo. Kupamba."

Midomo yake ilitembea kana kwamba anahesabu. "Sindano," akasema, "ni urembo?"

Mimi mtu wa maneno. Sokoni Muhima walikuwa wananiogopa kwa mdomo. Siku ile niligeuka nikautazama mlango walimomwingiza mtoto. Kile kilichokuwa kinanitisha zaidi ni kwamba mlango ule ungeweza kufunguliwa muda wowote, na muuguzi akatoka mikono mitupu, na mwanamke huyu akanitazama tena.

Kisha ndani mtoto akalia. Si kulia kwa kuumwa, ni kulia kwa hasira, kama mtu aliyechomwa bila ruhusa. Mama yake akaruka, akausukuma mlango, akaingia. Mke wangu akaanza kucheka na kulia pamoja. Mimi nilibaki kwenye benchi.

Baadaye muuguzi akatuambia ni malaria, imempanda vibaya, atalazwa, na usiku huo bado ni wa kumwangalia. Yule mama akatoka kuchukua kitenge chake alichokisahau kwenye benchi. Hakuniita tena daktari, wala mzee.

"Kitoe," akasema.

"Kesho asubuhi na mapema nita..."

"Leo. Kabla mwingine hajakiona."

Mimi siamriwi na mtu. Nilikwenda nikakitoa, mvua ikininyeshea. Bisibisi ikateleza kwa maji, ikamchana muuguzi wa kibao shavu. Niliona ni sawa.

Mtoto alipona. Mama yake akipita njiani ananisalimia, hasimami. Kibao kiko stoo, uso ukutani. Lakini wenye pikipiki bado wanapaita Kwa Muganga. Nimewabembeleza, nimewatukana, nimewanunulia chai.

"Muzee," mmoja akaniambia huku anacheka, "kibao iko na skrubu. Jina haina."

Kwa hiyo mvua ikinyesha na lango likagongwa, naacha chakula mezani. Mara nyingi ni mtu anayetafuta pa kujikinga. Mara mbili haikuwa hivyo: mzee mwenye jeraha la panga mguuni, na binti aliyekuwa na uchungu wa uzazi. Naenda kufungua ufunguo wa gari ukiwa mkononi, na kabla sijavuta komeo nasimama kidogo, nikisikiliza kama nje kuna mtoto.