Kikombe cha Kwanza ni cha Mashine

Sijakubali. Jana wamenipigia kwamba Projestus amefariki, nikawaambia haiwezekani, juzi tu kanigombeza kwenye simu kwa sababu nimenunua kahawa ya kopo.

Wengi mlio humu kwenye grupu hamkumjua. Alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, miaka ile ya tisini viwanda vilipokuwa vinaota ufukweni kama uyoga. Mimi nilikuwa packing, kufunga minofu kwenye maboksi. Alikuwa rafiki yangu, na alinichosha.

Alinichosha kwa mashine ya kahawa. Fundi mmoja wa kigeni alimaliza mkataba akamwachia mashine ya espresso ya automatic: buni juu, maji nyuma, unabonyeza, inasaga na kukamua yenyewe. Sisi wengine tulikuwa tunahangaikia redio na friji za mtumba. Yeye alihangaikia stabilaiza ya kulinda mashine ya kahawa umeme ukiyumba.

Tulidhani automatic maana yake unabonyeza, unakunywa. Kwa Projestus ulibonyeza, ukasubiri, ukasikiliza hotuba.

Maji yachemshwe, yachujwe kwa kitambaa, yasije yakaweka ukoko ndani ya mashine. Kikombe kipashwe moto. Buni zisikaangwe mpaka zing'ae mafuta, zitanata. Kinu cha kusagia ukibane kidogo kidogo unga uwe laini, tena kikiwa kinasaga.

Halafu, baada ya mateso yote hayo, kikombe cha kwanza anamwaga!

"Cha kwanza ni cha mashine, dada. Cha pili ndiyo cha mtu."

Na umeme wenyewe ulikuwa wa mgao. Ukikatika kati ya cha kwanza na cha pili, unarudi kwako Butimba na kiu yako.

Siku moja nikamuuliza kwa hasira, hivi unatafuta nini? Akaniambia baba yake analima kahawa kule Bukoba tangu ujana wake, na hajawahi kuinywa. Kwao wanaitafuna, nyingine yote ilikuwa inakwenda chama cha ushirika. Alitaka mzee anywe kahawa ya shamba lake mwenyewe, iliyotengenezwa ikatengenezeka, angalau mara moja kabla hajafa.

Soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanapita mlango kwa mlango. Projestus akaomba debe moja la buni za mzee lisiuzwe kwa yeyote. Akawa anakaanga kwenye sufuria, mkewe Adventina anakohoa moshi nyumba nzima.

Mzee akaja kwa meli kutibiwa macho. Alikuwa amekonda sana. Tulijua safari nyingine hakuna, na Jumapili alikuwa anarudi.

Akaja na zawadi: kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, zikafungwa kwenye majani ya mgomba. Kwao ndizo za kukaribishia mgeni, na ukiweka pembeni alichokuletea mzazi umemdharau.

Debe la buni safi lilikuwepo jikoni. Lakini mzee kamwekea zile mkononi, kasema hizi ndizo za nyumbani. Projestus, fundi mzima, akashindwa kusema hizi si za mashine. Akazimimina kwenye mashine.

Na maganda yake! Kinu kikalia mara moja kikanyamaza. Nilitamani kumzaba kofi.

Mzee alichukua zilizobaki akawa anatafuna, anamwangalia mwanawe.

Jumamosi nzima mashine ilikuwa vipande vipande juu ya meza, sisi tunakula mkekani. Projestus kajikunja na mswaki wa zamani na pini ya nywele ya Adventina. Nikamwambia achemshe ya sufuria tu, mzee anywe, yaishe. Alinitazama kama nimemtukania ukoo.

Jumapili tumetoka kanisani, saa chache kabla ya meli, mashine ikaunguruma. Safari hii akaweka buni za debe. Kikombe cha kwanza kikatoka, Projestus akakimwaga kwenye sinki.

Mzee akasimama. "Unamwaga kahawa?"

Huyu ni mtu aliyekuwa anainama kuokota hata punje iliyodondoka chini ya mbuni. Projestus akabonyeza cha pili.

Kikatoka taratibu, chembamba, na povu la kahawia juu. Mzee akanywa funda moja, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akakitazama ndani mpaka nikaanza kuichukia mashine ile upya.

"Kumbe hiki ndicho walichokuwa wananunua," akasema. "Basi walitupunja."

Akaomba kingine. Projestus akatoka nje, eti anakwenda kuangalia stabilaiza. Stabilaiza ilikuwa ndani.

Mzee alifariki kabla ya msimu uliofuata. Mwanawe aliendelea kutumwagia cha kwanza miaka yote hii, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitufe.

Leo hapa msibani Adventina kaniomba niiwashe mashine. Bado inawaka, kwa viraka vyako, Projestus. Nimechemsha maji, nimechuja, nimepasha kikombe. Kahawa imetoka kama maji ya kuoshea vyombo, nikaimwaga. Ulituhubiria miaka yote, Projestus, lakini kufundisha hukufundisha!

Nikabana kinu kidogo kidogo, kikiwa kinasaga. Kilichofuata nacho nikakimwaga, watu wakanishangaa. Nikawaambia hicho ni cha mashine.

Kilichotoka baada ya hapo nilitaka kukiweka mbele ya picha yako, ila ungenigombeza kwa kuacha kahawa ipoe. Nimekinywa mwenyewe, kwa hasira na machozi. Ni kitamu, msumbufu wewe.

Lala, kaka yangu. Ukimkuta mzee, cha kwanza kimwage akiwa hakuoni.